Sabumu Hajatuachia

Kaeni, kaeni tu. Msisimame kwa ajili yangu, mimi siyo mgeni rasmi. Na nyie wa mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele. Sijui kwa nini huku mbele huwa mnapaogopa kama kumefungwa mbwa.

Mchungaji kanipa hii nafasi ya vijana, akaniambia nisipige kelele na nisirukeruke. Nitajitahidi. Ila hiki nilichobeba leo, aisee, mtu akikisimulia huku ametulia, basi huyo ana tatizo. Ni mfano tu. Msianze kuulizana ni mji gani na ni nani, mkapoteza muda kumtafuta mtu wakati maneno yanawapita.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa taekwondo. Mnaijua taekwondo? Ule mchezo wa Wakorea, wa mateke. Siyo karate. Ukimwambia mtu wa taekwondo kwamba anacheza karate anaweza kukununia mpaka Pasaka. Wanavaa zile suti nyeupe, wanafunga mkanda kiunoni. Unaanza na mweupe, unapanda rangi moja moja, mpaka siku unafungwa mweusi. Ukifungwa mweusi, hata wale vijana wa kijiweni wanaanza kukusalimia vizuri.

Huyu mwalimu alikuwa anafundishia kwenye ukumbi wa kata, mji mmoja wa barabarani, ile miji ambayo malori yanalala. Wanafunzi wake walimwita Sabumu. Ni neno la hukohuko Korea, maana yake mwalimu, lakini ukilisema unainamisha kichwa kidogo. Na Sabumu alikuwa mtu kweli. Vijana wa ule mji walikuwa wanaharibika, bangi, wizi wa mafuta kwenye malori, mambo ya ovyo. Yeye aliwakusanya, akawanyoosha. Mzazi akipeleka mtoto kwa Sabumu, baada ya muda mtoto anaamka mwenyewe, anatandika kitanda, anamwamkia mpaka konda. Sasa mzazi gani hapendi?

Ukutani pale ukumbini aliandika maneno matano kwa rangi nyekundu, makubwa. Heshima. Uadilifu. Uvumilivu. Kujitawala. Moyo usioshindwa. Ndiyo misingi ya mchezo wao. Sabumu alikuwa anasema mateke ni kitu cha pili, mtu akijua teke bila haya maneno ni punda tu, maana punda naye anajua kupiga teke. Kwa hiyo kila darasa, kabla ya chochote, wanapanga mistari, wanayasema yale maneno kwa sauti, halafu wanaapa. Wanaapa kwamba nilichojifunza sitakitumia kuonea mtu, nitasimama upande wa mnyonge, aliyeanguka nitamwinua. Vijana arobaini kwa sauti moja, mpaka mabati yanaitika. Ukipita nje unasema hapa ndipo taifa linajengwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana mambo yote yanaanzia hapa.

Sabumu akisema "Chariyot", maana yake simama wima. Visigino pamoja, mikono chini, macho mbele. Kuanzia hapo wewe ni nguzo ya umeme. Hujikuni, hugeuki, hukohoi. Mpaka aseme "Shiyo", yaani haya, legeeni. Na hilo neno la kuwaachia linatoka kwake yeye tu. Asiposema, mnasimama. Nzi akitua puani, unamwacha atembee. Sabumu alilisema hilo mara nyingi, akasema mtu anayefukuza nzi hajajitawala, nzi ndiye anayemtawala.

Na alikuwa anawapima. Aisee, alikuwa anawapima. Anawasimamisha chariyot halafu anapitisha sahani ya chipsi mayai, moto, inatoa moshi, anaipitisha chini ya pua za watu ambao hawajala tangu asubuhi. Siku nyingine kafungulia kuku katikati ya mistari. Kuna siku aliwaacha wamesimama, akaenda zake kunywa chai kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, akaagiza na chapati, akarudi anajifuta mdomo, akawakuta vilevile. Kijana mmoja alikuwa amejikojolea. Sabumu akamshika bega mbele ya wote, akasema huyu ndiye mwanaume. Mnacheka. Na wao walicheka, baadaye. Kijana mwenyewe alijisikia vizuri mpaka akaenda kusimulia nyumbani.

Halafu kuna siku ya moto.

Siku hiyo wako chariyot, Sabumu akatoka nje, akarudi anakimbia, akapiga ukelele, moto, moto, stoo inaungua. Hakuna aliyegeuka. Mmoja tu. Kijana wa mkanda wa bluu, fundi wa kuchomelea mageti, alichomoka kwenye mstari kama risasi. Alikuwa amekuja na mdogo wake wa miaka mitatu, kamlaza kwenye kibaraza jirani na stoo. Akamnyakua mtoto akiwa bado amelala, akasimama naye uwanjani, anatafuta moshi uko wapi. Hakukuwa na moshi.

Akarudi ndani na mtoto begani, anahema. Sabumu akamwuliza, "Nani kakuachia?"

"Sabumu, mtoto alikuwa nje."

"Sijakuuliza habari za mtoto. Nimekuuliza nani kakuachia."

Sabumu akaufungua ule mkanda wa bluu kwa mikono yake mwenyewe, akampa mweupe. Mwanzo kabisa. Kijana alimaliza darasa, akaukunja mweupe vizuri, akauweka juu ya dirisha, akaondoka na mdogo wake. Hakurudi tena. Na wale wengine thelathini na tisa walikuwa wamesimama pale wanatazama mbele. Lakini waliona. Wakajifunza. Mnajua walijifunza nini? Ngojeni.

Sasa ikafika siku ya mtihani.

Kulikuwa na dada mmoja, tumpe jina, tumwite Sekela. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa mstari, mkanda mwekundu, siku hiyo anatafuta mweusi. Na kwake ule mkanda haukuwa urembo. Shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa imemwambia, ukija na mkanda mweusi utafundisha hapa, na chumba cha kulala tutakupa. Yeye alikuwa analala jikoni kwa shangazi yake, anaamka kabla ya watu ili watu wapike. Kwa hiyo mnaelewa. Alikuwa amekaa miaka kwenye ule ukumbi akingoja asubuhi moja tu, na ndiyo hiyo.

Wakarudishia milango, maana siku ya mtihani Sabumu hataki wazazi ndani, wazazi wanapiga makofi ovyo. Mgeni wa kuja kusimamia, mwalimu mwenzake kutoka mkoa wa jirani, alikuwa hajafika. Basi alilopanda limeharibika njiani. Sabumu akasema tuanze na kiapo, atatukuta. Sekela aliona kwamba Sabumu hayuko sawa. Alikuwa anajikanda mkono wa kulia, anaufungua na kuufunga kama mtu anayejaribu glavu. Akamwuliza kama anaumwa. Sabumu akamwambia panga mstari.

Chariyot.

Wakasimama. Sekela mbele, wengine nyuma yake. Wakaanza. Heshima. Sabumu anatembea mbele yao. Uadilifu. Anatembea. Uvumilivu. Sabumu akasimama. Akautazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine. Mdomo ukavutika upande mmoja. Magoti yakaachia, akaenda chini, na kichwa kikagonga sakafu. Ile sauti ya kichwa na saruji, hata asiyewahi kuisikia anaijua.

Mstari ukabaki wima.

Sasa niwaulize nyie. Mtu kaanguka mbele yako. Uko na wenzako thelathini na kitu, wazima, wenye nguvu, watu wanaovunja mbao kwa miguu. Unafanya nini? Swali rahisi, si ndiyo? Hata darasa la kwanza analijibu.

Nyuma ya Sekela alisimama jamaa mmoja wa bodaboda, mchekeshaji wao. Bila kutikisa midomo akanong'ona, "Kaanza."

Mnaielewa? Kaanza. Yaani ndiyo mtihani wenyewe huo umeanza. Kuna mtu huko nyuma akabana kicheko. Mwingine akasema kwa chini kwamba leo kaamua kuja na filamu kabisa. Na Sekela, kiongozi, macho mbele, akawaambia, "Kausheni. Atakayesogea karudi mweupe."

Akaendelea na neno lililofuata. Kwa sauti. Kujitawala. Na wote wakaitikia, kujitawala, mpaka mabati yakaitika.

Mguu wa Sabumu ulikuwa unatikisika pale chini. Wakasema moyoni, anajua kuigiza. Mate yakamtoka. Wakasema, leo kadhamiria. Halafu akaja nzi. Akatua kwenye shavu lake, akatembea, akafika kwenye jicho. Jicho lilikuwa wazi. Sabumu hakumfukuza yule nzi.

Sekela aliona. Na mnajua aliwaza nini? Aliwaza, mtazame Sabumu, hata yeye anajitawala, mfano anatuonyesha mwenyewe. Akazidi kunyoosha mgongo.

Mimi hapa huwa nashindwa kuendelea. Kweli. Natafuta mahali pa kumlaumu huyu dada na simpati, maana kila alichofanya ndicho alichofundishwa. Alitii. Hakuna aliyetii kama yeye asubuhi ile katika mji mzima.

Lakini kuna mwingine. Mstari wa pili alikuwepo msichana wa chuo cha uuguzi. Huyu alijua. Mdomo ukivutika hivi, mkono ukifa ghafla, huyu alishasoma darasani hiyo ni kiharusi, damu imegoma kwenda kichwani, na kila dakika unayopoteza kuna sehemu ya mtu inakufa. Alijua kwa jina, na siku chache nyuma alikuwa amelijibu swali hilohilo kwenye karatasi ya chuo, akapata. Akawa amesimama pale anajisemea, lakini kama ni maigizo je? Nikichomoka mimi peke yangu, watu wote hawa wakanicheka? Akamtazama wa kulia kwake, kasimama. Akamtazama wa kushoto, kasimama. Akasema basi, labda nimeona vibaya. Watu wote hawa hawawezi kukosea.

Na wale watu wote walikuwa wanamtazama yeye, mtu wa uuguzi, wakisema, kama ingekuwa kweli yule si angesogea?

Mmeona lilivyo hilo?

Wakamaliza maneno matano. Hakuna Shiyo. Sekela akaamua, hapa tunapimwa uvumilivu, akaanzisha tena kutoka mwanzo. Heshima. Wakaitikia. Wakala kiapo chote, nitasimama upande wa mnyonge, aliyeanguka nitamwinua. Wanakisema juu ya kichwa cha mtu aliyeanguka. Wakarudia tena. Nyinyi mnangoja niseme kuna mmoja mwenye moyo alivunja mstari. Nami ningependa kuwapa huyo mtu. Hayupo. Yule wa kuvunja mstari alishaondoka siku ya moto.

Muda ukaenda. Kivuli cha dirisha kikahama kutoka miguuni mwao mpaka ukutani.

Ndipo mke wa Sabumu akaja. Alikuwa amepika pilau la kuwapongeza vijana, kabeba sufuria kichwani, akausukuma mlango kwa nyonga anacheka, anawauliza kama wamebakiza meno. Akaona. Sufuria likaenda chini, pilau likamwagika mpaka kwenye miguu ya mstari wa nyuma, la moto vilevile, na mstari wa nyuma haukusogea.

Mama yule akapita katikati yao anapiga yowe, akapiga magoti, akamgeuza mume wake. Akawaita, jamani nisaidieni. Wamesimama. Akawatazama mmoja mmoja usoni, watoto aliowalisha, macho yao yote yako ukutani. Akamshika mume wake kwapani akaanza kumburuta peke yake kuelekea mlangoni. Mwanamke mmoja anaburuta mwanaume mzito, kushoto mstari, kulia mstari, vijana wa kuvunja mbao, kimya, kama wamepangwa kwa gwaride la msiba.

Alipofika usawa wa Sekela, Sekela akasema kitu. Hakugeuza kichwa. Aliongea kwa adabu sana, na machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema, "Samahani, Mama. Sabumu hajatuachia. Tunaruhusiwa kusogea?"

Nirudie? Sirudii. Mmesikia.

Yule mama alimwangalia. Alikuwa ameishi na yule mwanaume miaka mingi, ameyasikia yale maneno ya Kikorea kupitia ukuta wa chumba, na mume akiyasema usingizini. Akalitafuta lile moja. Akapiga ukelele, "Shiyo!"

Wote wakasogea. Papo hapo, kwa pamoja. Watu thelathini na tisa. Wakamwinua Sabumu kama unyoya, kila mtu anajua ashike wapi, wa bodaboda akapiga simu ya gari huku anakimbia, yule wa uuguzi akamlaza ubavu, akamfungua kola, anatoa maagizo kama daktari. Vizuri sana. Kwa mpangilio mzuri sana. Nguvu zote zilikuwepo. Akili zote zilikuwepo. Upendo pia ulikuwepo, walikuwa wanalia kama watoto. Vyote vilikuwa vimesimama vinangoja neno.

Huko hospitali daktari akauliza alianguka muda gani. Wakaangaliana. Daktari akadhani hawamwelewi, akauliza tena, alipoanguka kulikuwa na mtu? Yule mama ndiye aliyejibu. Akasema, walikuwepo wote.

Sabumu hakufa. Upande wa kulia ulikufa. Mguu ule wa mateke, mkono ule wa kufunga watu mikanda. Daktari alimwambia mke wake kwamba angefikishwa mapema, huenda huo upande ungekuwa wake mpaka leo.

Baada ya siku kadhaa Sekela akaenda kumwona. Alikaa nje ya wodi kwanza, anajipanga aseme nini. Akaingia, akainama kama wanavyoinama kwa mwalimu, na akabaki ameinama. Mama akamwambia inuka, Sekela, huyu hawezi tena kukuambia inuka, wewe inuka tu. Akainuka. Akaanza kuomba msamaha, anasema walidhani ni mtihani, anasema hawakujua.

Sabumu akatikisa kichwa. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa kusukuma, moja moja, yamelowa. Akasema, "Nilikuwa nawasikia."

Alikuwa anasikia. Muda wote ule. Kaanza, aliisikia. Kicheko alikisikia. Kiapo alikisikia, mara ya kwanza na ya pili na zote. Akasema alikuwa anatafuta neno moja tu la kuwaambia, Shiyo, na mdomo ukamkatalia. Alikuwa ametengeneza watu wanaofunguka kwa ufunguo mmoja, na ufunguo ukamvunjikia mdomoni.

Halafu akamwuliza Sekela kitu kingine. "Yule wa moto. Yuko wapi?"

Sekela akamwangalia Mama. Mama akamwangalia Sekela. Hawakujua. Tangu siku ile alipouweka mkanda dirishani akaondoka na mdogo wake, hakuna aliyewahi kwenda kumtafuta. Walikuwa hawajaambiwa waende.

Mfano umeishia hapo. Sekela mkanda wake sikuelezeni, mtakwenda kuujadili huo mkanda nyumbani na ndiyo mtaondoka nao.

Sasa sisi.

Naona kuna watu mmekasirika. Dada mmoja pale kashika mdomo, kaka yule anatikisa kichwa, anasema moyoni wale ni wajinga, mimi ningekuwepo ningechomoka. Eh? Ungechomoka?

Haya. Jumapili iliyopita. Humuhumu. Tulikuwa kwenye kusifu, ngoma imekolea, kwaya wako juu, watu wamefumba macho, mikono hewani. Mama Subilaga, yule wa maparachichi, anayekaaga kiti cha pale karibu na nguzo, akaanguka. Mnakumbuka? Mnakumbuka, naona mnaangalia nguzo.

Tulifanya nini?

Wahudumu walikuja na khanga, wakamfunika miguu, kama utaratibu wetu ulivyo. Mtu akianguka, mfunike. Halafu tukaendelea. Kuna mtu aliruka juu akasema upako wa leo mzito. Kwaya wakapandisha sauti. Alikuwa anatikisika pale chini, na tukapiga vigelegele. Wale wa taekwondo walisema kaanza. Sisi tulisema kashukiwa. Tofauti iko wapi? Niambieni mimi nisiyesoma sana, tofauti iko wapi?

Alilala pale nyimbo zote. Alilala wakati wa sadaka, watu walipita na bahasha zao wakamkwepa kwa adabu, wamekunja sketi zisimguse. Alilala wakati wa matangazo. Tukatangaza kikao cha harusi, yuko chini. Tukatangaza semina ya upendo. Semina ya upendo, jamani, na mtu yuko sakafuni.

Ilikuwa sukari. Jirani yake kanieleza asubuhi hii pale getini. Ni mgonjwa wa sukari miaka yote, na wiki ile tulisema kanisa zima tunafunga, tukasema asiyefunga anatuangusha, na yeye hakutaka kutuangusha. Akafunga. Akaanguka yeye. Walioita gari ni mafundi wa ule mjengo jirani, walikuja kuomba maji wakamwona. Watu wasiojua wimbo wetu hata mmoja.

Na humu ndani alikuwemo mtu anayejua kwamba ana sukari. Wengi tulijua. Anasemaga kila siku, mimi chai yangu msiweke. Tukamtazama wa kulia, anaimba. Tukamtazama wa kushoto, anaimba. Tukasema basi, ni Roho. Watu wote hawa hawawezi kukosea.

Sasa ile khanga tuliyomfunika, nimeiona leo. Imefuliwa, imepigwa pasi, imerudi kabatini kwa wahudumu imekunjwa vizuri inangoja mwingine. Khanga tunajua iko wapi. Mama Subilaga, nani humu anajua kalazwa wodi gani? Inua mkono. Mmoja tu.

Hakuna.

Wiki nzima. Tumekuja Jumatano kwenye maombi, tumeombea wagonjwa wote ulimwenguni, hospitali iko mwendo wa kutembea kutoka hapa, na kiti chake hiki hapa kitupu. Hakuna mtu mbaya humu. Nawajua, mna roho nzuri kunishinda. Mikono ipo, miguu ipo, wenye magari wapo. Kila mtu anangoja kiongozi atangaze. Hakikutangazwa, basi hakipo. Heshima tunayo, hatusimami mtu akiomba. Uvumilivu tunao, ibada inaenda mpaka saa nane. Kujitawala ndiyo usiseme, mtu anakufa miguuni mwetu na macho hatufumbui.

Nimeambiwa nikimaliza nimkaribishe mwongoza ibada aje atufungie kwa sala, halafu awaachie.

Simkaribishi.

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, ndivyo alivyoniambia jirani yake. Saa za kuona wagonjwa bado hazijaisha. Anapenda uji wa ulezi, usiotiwa sukari, hilo mnalijua wenyewe. Mlango ule pale, upo wazi tangu mlipoingia, hakuna aliyeufunga.

Mbona mmekaa?

Mnaningoja mimi niwaachie?